EDMOND THIEFFRY NA NJIA YA BRUSSELS – LEOPOLDVILLE

Wanafunzi wenzetu, katika saa ya jiografia tulinyosha uzi juu ya tufe la dunia, toka Brussels mpaka Kinshasa. Tulipata karibu kilometa 6.200. Ndeke ya siku hizi isiyotua njiani inamaliza safari hiyo kwa masaa kama 8. Mtu wa kwanza kuongoza safari hiyo kwa ndeke alitumia siku 51. Ndiyo sababu tunaandika juu yake.

Edmond Thieffry alizaliwa Etterbeek, kando ya Brussels, mwaka 1892. Alisomea sheria, akawa avoka. Vita ya 1914-1918 ilimtia katika jeshi la ndeke. Alipokuwa akijifunza alivunja ndeke kadhaa (wale wanaokata tamaa kwa sababu ya pointi mbaya wasikie!), lakini baadaye aliangusha 10 za adui. Mwaka 1918 yeye pia akaangushwa, Wajerumani wakamfunga mpaka mwisho wa vita.

Nyakati zile msafiri wa Kongo alipanda meli kule Antwerp, majuma kama matatu baharini mpaka Matadi, halafu treni. Thieffry alitaka kufungua njia ya hewa. Tarehe 12 Februari 1925 waliruka watatu: yeye, Roger, na fundi wa mashini De Bruycker. Ndeke yao ya mashini tatu iliitwa Princesse Marie-José. Walipita Ufaransa, Hispania, Algeria, jangwa la Sahara, Niger, Chad, Bangui. Tarehe 3 Aprili wakatua Leopoldville, ndiyo Kinshasa yetu.

Siku 51! Basi meli ilimshinda? Wengine kati yetu walicheka. Lakini tufanye hesabu vizuri. Njia yao ya kuzunguka ilikuwa kilometa kama 8.200, na hewani walikaa masaa 75 na dakika 25 tu. Ni kama kilometa 109 kwa saa. Ukigawa kwa siku zote, waliruka saa moja na nusu kwa siku. Wakati mwingine wote uliisha chini: kutengeneza, kungoja, kungoja tena. Mbio ya ndeke ilitosha. Kilichokosa ni viwanja, benzini na mafundi njiani. Hapo hatukucheka tena.

Mwaka 1926 Medaets na wenzake wawili walikwenda na kurudi. Thieffry alijaribu tena mwaka 1928, hakufika. Mwaka 1929 alikuja Kongo kutafuta njia za ndeke za ndani ya nchi. Tarehe 11 Aprili ndeke yao ndogo ilianguka karibu na ziwa Tanganyika. Alikufa pamoja na mwenzake mmoja. Wa tatu alipona. Thieffry alikuwa na miaka 36.

Tarehe 23 Februari 1935 kampuni ya Sabena ilianzisha safari za kawaida toka Brussels mpaka Leopoldville. Ndeke ya kwanza ilifika kwa siku tano na nusu. Ubavuni iliandikwa jina: Edmond Thieffry.