Blaise Pascal

Blaise Pascal (Clermont, Auvergne, 19 Juni 1623 – Paris, 19 Agosti 1662) alikuwa mwanahisabati, mwanafizikia, mwanafalsafa na mwandishi Mkatoliki kutoka nchi ya Ufaransa. Pamoja na Pierre de Fermat anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa nadharia ya uwezekano. Jedwali la namba linaloitwa pembetatu ya Pascal linafundishwa hadi leo katika shule za sekondari za nchi nyingi. Alitengeneza pia mojawapo ya mashine za kwanza za kuhesabu. Aliishi miaka 39 tu, na karibu kazi yake yote kuhusu uwezekano ilifanyika katika miezi michache ya mwaka 1654.

Familia na malezi

Baba yake, Étienne Pascal, alikuwa ofisa wa mahakama ya kodi na mpenzi wa hisabati. Mama yake, Antoinette Begon, alifariki mwaka 1626, Blaise akiwa na umri wa miaka mitatu. Aliacha watoto watatu: Gilberte, aliyekuwa mkubwa, Blaise, na Jacqueline, kitinda mimba. Étienne hakuoa tena. Mwaka 1631 alihamia Paris akaamua kumfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani.

Alikuwa na mpango wa masomo ulio wazi: mtoto asipewe kazi iliyo juu ya uwezo wake. Lugha za Kilatini na Kigiriki zingetangulia, na hisabati ingengoja mpaka kijana afikishe miaka 15 au 16, kwa kuwa baba aliogopa kwamba utamu wake ungemfanya asahau lugha. Vitabu vya hisabati viliwekwa mbali naye. Gilberte, aliyeandika maisha ya ndugu yake, anasimulia kwamba katazo hilo lilimchochea mtoto badala ya kumzuia. Akiwa na miaka 12 hivi alikuwa akichora maumbo sakafuni kwa makaa, na peke yake akafikia hoja kwamba pembe tatu za pembetatu, zikijumlishwa, ni sawa na pembe mraba mbili. Masimulizi hayo ni ya dada aliyempenda sana, na yasomwe hivyo. Hata hivyo ni hakika kwamba baba alibadili mpango wake, akampa kitabu cha Euklide na baadaye kumchukua kwenye mikutano ya wataalamu iliyofanyika kwa padre Marin Mersenne. Mwaka 1640 kijana huyo alichapisha karatasi moja juu ya maumbo yanayopatikana kwa kukata koni, na ndani yake mlikuwa na kanuni kuhusu pembesita ambayo bado ina jina lake.

Mashine ya kuhesabu

Wakati huo Étienne alikuwa ameteuliwa kusimamia kodi katika mji wa Rouen. Hesabu zilikuwa nyingi, na fedha za Ufaransa za wakati ule zilizidisha taabu: livre moja ilikuwa na sol 20, na sol moja ilikuwa na denier 12. Kuanzia mwaka 1642 Blaise alibuni kisanduku chenye magurudumu ya meno kilichoweza kujumlisha na kutoa. Ugumu mkubwa ulikuwa namna ya kubeba moja kwenda nafasi inayofuata bila mtu kuigusa. Alijaribu mifano mingi kabla ya kuridhika. Mashine zipatazo 20 zilitengenezwa, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno na biashara haikuenda.

Uzito wa hewa

Alipopata habari za majaribio ya Evangelista Torricelli kuhusu zebaki ndani ya mrija wa kioo, Pascal alitaka kujua kama ni uzito wa hewa unaoishikilia zebaki isishuke. Kama ni hivyo, juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, zebaki inapaswa kuwa chini zaidi. Kwa kuwa yeye alikuwa Paris, tena afya yake ilikuwa dhaifu, mume wa Gilberte, Florin Périer, alipanda mlima Puy de Dôme tarehe 19 Septemba 1648 akapima. Zebaki ilishuka kwa sentimita 8 hivi. Kizio cha kanieneo kimepewa jina la pascal kwa sababu ya kazi hiyo.

Mchezo uliokatizwa

Mwaka 1654 Antoine Gombaud, mtu wa tabaka la juu aliyependa kamari na kujulikana kama Chevalier de Méré, alimletea Pascal maswali mawili.

La kwanza lilihusu dadu. Ukirusha dadu moja mara 4, kuna faida ndogo kuweka dau kwamba 6 itatokea angalau mara moja. Matokeo yanayowezekana ni 1,296, na kati yake 671 yana 6 moja au zaidi, yaani asilimia 51.8 hivi. Je, ukirusha dadu mbili mara 24, faida ni ileile kwa anayetafuta 6 mbili kwa pamoja? Kwa uwiano peke yake ingeonekana ndiyo, kwani 4 kwa 6 ni sawa na 24 kwa 36. Sivyo: nafasi inashuka hadi asilimia 49.1 hivi, na anayeendelea kuweka dau atafilisika polepole. Njia iliyo salama ni kutafuta kwanza nafasi ya kukosa. Kwa dadu moja ni 5/6 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne. Kwa dadu mbili ni 35/36 ikizidishwa mara ishirini na nne. Kisha jibu linatolewa katika 1. Wanafunzi wengi hujumlisha nafasi mahali panapotakiwa kuzidisha, na mfano huu unawasaidia kuliko maelezo marefu.

Swali la pili lilikuwa la zamani na lenye uzito zaidi. Watu wawili wameweka dau sawa, na atakayetangulia kushinda idadi fulani ya michezo atachukua fedha zote. Kabla hawajamaliza, mchezo unakatizwa. Fedha zigawanywe vipi ili asidhulumiwe mtu? Luca Pacioli wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1494, aligawa kwa kufuata michezo ambayo kila mmoja amekwisha kushinda. Mwaka 1556 Niccolò Tartaglia alionyesha kasoro: mmoja akiwa ameshinda mchezo mmoja na mwenzake hajashinda hata mmoja, wa kwanza angezoa zote, ingawa safari bado ni ndefu. Tartaglia aliona kwamba jambo hilo ni la mahakama kuliko la hisabati.

Pascal alimwandikia Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyekuwa mwanahisabati hodari, na barua zao za mwaka huo ndizo zilizofungua somo jipya. Ugunduzi wao mkubwa ni kwamba michezo iliyokwisha kuchezwa haiamui mgawo yenyewe. Kinachoamua ni ile ambayo bado.

Mfano wa Pascal ni huu. Kila mchezaji ameweka sarafu za dhahabu 32, jumla 64, na anayeshinda michezo 3 anachukua zote. Tuseme wa kwanza ameshinda 2, wa pili 1. Mchezo mmoja zaidi ukichezwa, wa kwanza akishinda atapata 64. Akishindwa watakuwa sawa na atapata 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na zile 32 zilizobaki zina nafasi sawa kwa kila mmoja, kwa hiyo zigawanywe nusu kwa nusu. Wa kwanza apate 48, wa pili 16. Sasa turudi nyuma hatua moja: wa kwanza ana ushindi 2, wa pili hana. Akishinda anapata 64, akishindwa tunajua tayari kwamba stahili yake ni 48. Katikati yake ni 56. Turudi tena: ana ushindi 1 dhidi ya 0. Akishinda stahili yake ni 56, akishindwa ni 32. Basi apewe 44 na mwenzake 20. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo linaloitwa leo thamani inayotarajiwa, ambalo bima na biashara nyingi zinalitegemea.

Fermat alifika kwenye jibu hilohilo kwa njia nyingine. Katika hali ya 1 dhidi ya 0, wa kwanza anahitaji ushindi 2 na wa pili 3, hivyo michezo 4 inatosha kumpata mshindi kwa vyovyote. Aliorodhesha namna zote 16 ambazo michezo hiyo 4 ingeweza kwenda na kuhesabu zile 11 zinazompa wa kwanza ushindi. Sehemu 11 kati ya 16 za sarafu 64 ni 44. Mwanahisabati Gilles de Roberval alipinga, akiona si haki kuhesabu michezo ambayo isingechezwa kwa kuwa mshindi angekuwa amekwisha kupatikana. Pingamizi hilo ni la maana, na mwanafunzi mwenye akili atalitoa mwenyewe darasani. Jibu lake ni kwamba kuendelea kucheza baada ya ushindi hakubadili mshindi, bali kunafanya matokeo yote yawe na uzito sawa, na bila hivyo hayawezi kuhesabiwa moja moja.

Pembetatu ya Pascal

Mwaka huohuo wa 1654 Pascal aliandika kitabu kidogo juu ya jedwali hili, ambamo kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake:

1
1 1
1 2 1
1 3 3 1
1 4 6 4 1

Hakulibuni yeye. Al-Karaji wa Baghdad na baadaye Omar Khayyam wa Uajemi walijua namba hizo karne nyingi kabla yake, na nchini China zilijulikana kwa Jia Xian na Yang Hui. Sifa ya Pascal ni kuonyesha kwamba jedwali moja linafanya kazi ambazo watu walizidhani tofauti. Katika aljebra, mstari wa mwisho hapo juu unatoa vizidishi vya (a + b) kwa kipeo cha 4. Katika kuhesabu michaguo, 6 ni idadi ya njia za kuchagua vitu 2 kati ya 4. Katika uwezekano, mstari uleule unagawa dau: michezo ikibaki 4, njia za kushinda angalau 2 ni 6 + 4 + 1, yaani zile 11 za Fermat. Alieleza pia waziwazi uthibitisho wa kwenda hatua kwa hatua: ukionyesha kwamba kanuni ni kweli kwa mstari wa kwanza, na kwamba kweli ya mstari wowote inaleta kweli ya unaofuata, umeithibitisha kwa yote.

Mara nyingi aljebra ya namna hiyo hufundishwa muhula mmoja na uwezekano muhula mwingine, kana kwamba havijuani. Anayepanga masomo hayo kwa pamoja anaweza kuanza na dau la sarafu 64, na jedwali litajitokeza lenyewe mikononi mwa wanafunzi.

Imani na miaka ya mwisho

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 Pascal alipata tukio la kiroho lililomtikisa. Aliliandika kwenye karatasi akaishonea ndani ya koti lake, na ilipatikana baada ya kifo chake. Tangu hapo alitumia nguvu zake zaidi kwa dini. Alikuwa karibu na kundi la Wajanseni wa Port-Royal, ambako Jacqueline alikuwa mtawa, na mwaka 1656 na 1657 alitoa kwa jina la bandia barua 18 za kuwatetea dhidi ya Wajesuiti. Kanisa Katoliki lilizipiga marufuku. Hisabati hakuiacha kabisa: mwaka 1658 alishughulikia mchirizo unaochorwa na nukta ya gurudumu linalobiringika.

Alikuwa akitayarisha kitabu kikubwa cha kutetea Ukristo. Vipande vyake vilichapishwa mwaka 1670 kwa jina la Pensées, na kimojawapo kinatumia hoja ya dau kuhusu kumwamini Mungu. Wasomi wengi wameipinga, wakisema kuna dini zaidi ya moja, lakini ni ajabu kuona hesabu za kamari zimefika huko.

Jacqueline alifariki mwaka 1661. Machi 1662 magari ya farasi ya abiria, yaliyofuata njia maalumu kwa nauli ya sol 5, yalianza kazi mjini Paris. Pascal alikuwa miongoni mwa walioanzisha huduma hiyo. Mwaka huohuo mtoto wa familia maskini aliyoihifadhi nyumbani kwake aliugua ndui. Pascal hakutaka mgonjwa ahamishwe, akahama yeye kwenda kwa Gilberte, na huko alifariki tarehe 19 Agosti. Alizikwa katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont.

Baada ya kifo chake

Kitabu cha pembetatu kilikutwa kimekwisha kupigwa chapa na kilitolewa mwaka 1665. Wakati huo Christiaan Huygens wa Uholanzi, aliyesikia maswali hayo alipotembelea Paris, alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kwanza kilichochapishwa juu ya uwezekano, mwaka 1657. Mwaka uleule wa kifo cha Pascal, John Graunt wa London alichapisha uchunguzi wake wa orodha za vifo vya mji huo, ambao ni kati ya vyanzo vya somo la takwimu. Njia hizo mbili zilikutana katika kitabu cha Jakob Bernoulli cha mwaka 1713, kilichoonyesha kwamba kadiri majaribio yanavyoongezeka, uwiano unaoonekana unakaribia uwezekano wa kweli.