Heinrich Hertz, mtu aliyetembea chumbani kutafuta mawimbi

Kila tunapotangaza kwamba tunasikika katika megahezi fulani, tunataja jina la mtu aliyefariki dunia mjini Bonn, Ujerumani, tarehe 1 Januari 1894, akiwa na umri wa miaka 36. Heinrich Hertz hakuwahi kusikiliza redio. Lakini ndiye aliyethibitisha kwamba mawimbi yanayobeba sauti yetu, na yanayobeba Wi-Fi ofisini, kweli yapo. Alifanya hivyo ndani ya chumba chenye nguzo za chuma, na ndiyo sababu maisha yake yanamhusu hata fundi anayehangaika na mtandao usiofika chumba cha pili huko Bagamoyo.

Alizaliwa Hamburg tarehe 22 Februari 1857, mtoto wa mwanasheria ambaye baadaye alikuwa seneta wa mji huo. Hamburg ilikuwa bandari ya wafanyabiashara, na nyumba zake za biashara kama O'Swald na Hansing zilikuwa na ofisi Zanzibar, zikinunua kauri na pembe. Hertz mwenyewe hakufika pwani yetu. Ila akiwa mwanafunzi alijifunza Kiarabu, na walimu wake waliona ana kipaji cha lugha. Alijifunza pia kukereza mbao, na mikono hiyo ya fundi ilimfaa baadaye, kwa sababu vyombo vyake vingi vya majaribio visingepatikana dukani.

Alianza masomo ya uhandisi, akayaacha akashika fizikia. Mwaka 1878 alikwenda Berlin kusoma chini ya Hermann von Helmholtz, akapata shahada ya udaktari mwaka 1880. Helmholtz alimtaka athibitishe kwa majaribio nadharia ya Mskoti James Clerk Maxwell, aliyekuwa amehesabu kwenye karatasi kwamba umeme na sumaku vinaweza kusafiri hewani kama mawimbi, kwa mwendo wa mwanga. Hertz aliliweka jambo hilo kando. Hakuona chombo ambacho kingeweza kulipima.

Chombo alikipata Karlsruhe, alikokuwa profesa tangu mwaka 1885. Upande mmoja wa chumba aliweka nyaya mbili zilizoachana kidogo, na umeme mkali ukaruka kwenye upenyo huo kama cheche. Upande wa pili alishika pete ya waya iliyokatwa mahali pamoja, isiyounganishwa na kitu chochote. Cheche ikiruka huku, kijicheche kilionekana kule kwenye pete, kidogo mno kiasi kwamba ilibidi kukitazama gizani.

Ukumbi aliotumia ulikuwa na urefu wa mita 15, upana wa mita 14 na kimo cha mita 6. Tatizo lilikuwa zile nguzo za chuma, safu mbili, ambazo kwa mawimbi zilikuwa sawa na ukuta. Basi akaamua kuhesabu nafasi ya katikati tu, na mabomba na taa za gesi zilizoning'inia hapo zikaondolewa. Kisha akaweka bati la zinki ukutani, kimo mita 4 na upana mita 2. Mawimbi yalipiga bati, yakarudi, yakakutana na yaliyokuwa yakija. Hertz akatembea na pete yake mkononi. Mahali fulani cheche iling'aa, hatua chache mbele ikafa kabisa, hatua chache tena ikarudi. Kutoka umbali kati ya sehemu hizo zilizokufa alipata urefu wa wimbi.

Baadaye alifupisha mawimbi yake hadi yakawa na urefu wa sentimita 66 hivi, akayaelekeza kwa mabati yaliyokunjwa kama kioo cha taa ya gari. Mlango wa mbao ulipofungwa, cheche bado ilionekana chumba cha pili. Bati lilipowekwa katikati, ilizimika. Msaidizi alipopita mbele ya mtambo, ilizimika pia, akishapita ikawaka. Taarifa ya majaribio hayo iliwasilishwa kwenye Akademia ya Sayansi mjini Berlin tarehe 13 Desemba 1888.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kupandisha bendera yake katika miji ya pwani, na mwezi Septemba Bagamoyo ikawa uwanja wa vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani. Wajerumani waliomshinda waliifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi mwaka 1891. Majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa ya enzi hizo, na ya kabla yake, bado yapo Mji Mkongwe, na ndani ya nyumba za namna hiyo ndimo tunaporudi kwenye Wi-Fi.

Ukuta wa matumbawe ni mnene, na katika hewa ya bahari hushika unyevu. Unameza mawimbi. Bati la paa linayarudisha, kama zinki ya Hertz. Mlango wa mbao, hata uliochongwa kwa nakshi nzito, unayapitisha bila shida kubwa. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi tu, kwa hiyo sehemu zilizokufa zinaweza kuwa karibukaribu kiasi kwamba kusogeza kompyuta kidogo mezani hubadilisha hali.

Wengi wetu, mtandao ukisumbua, hufikiri dawa ni kuongeza nguvu ya kisambaza Wi-Fi hadi mwisho. Hapo ndipo mambo huharibika. Kisambazaji kinaweza kurusha kwa miliwati 100, huku simu mfukoni ikirusha kwa nguvu ndogo zaidi. Simu inasikia vizuri na kuonyesha alama zote, lakini jibu lake halifiki. Tena simu hung'ang'ania kisambazaji cha mbali kinachopiga kelele, ikakiacha kilicho karibu. Na visambazaji viwili vilivyo kwenye chaneli moja vikisikiana, kila kimoja hungoja mwenzake amalize kusema, hivyo kasi inashuka kwa ofisi nzima na kwa jirani pia. Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Kwa maoni yetu, fundi mzuri hufanya alichofanya Hertz. Hutembea chumba kwa chumba na simu mkononi, akiandika mahali mawimbi yanapokufa na kitu kilichopo hapo: tangi la maji, kabati la chuma, ukuta. Kisha huweka visambazaji vichache vyenye nguvu ndogo, karibu na watu, vyenye chaneli tofauti. Kila anapopunguza desibeli 3, nguvu hubaki nusu. Hupunguza, hupima, hupunguza tena, mpaka kila chumba kihudumiwe na kisambazaji chake. Kazi hiyo huchukua siku nzima na haipendezi machoni kama kununua kifaa kipya, ndiyo maana hurukwa.

Hertz alihamia Bonn mwaka 1889. Mwaka huo mhandisi mmoja alimwandikia akiuliza kama mawimbi yake yangeweza kubeba simu ya mazungumzo, naye akajibu kwamba kwa mawimbi marefu kama yale ya mitetemo ya sauti vingehitajika vioo vyenye ukubwa wa bara. Maradhi yalimwandama tangu mwaka 1892, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa, na hakuishi kuona Guglielmo Marconi akituma ishara bila waya. Miaka 20 baada ya kifo chake, Agosti 1914, manowari ya Kiingereza ilifika Dar es Salaam kwa lengo la kuzima mtambo wa redio wa Wajerumani.

Jina lake lilichukuliwa kuwa kipimo cha masafa mwaka 1930. Baba yake alitoka katika ukoo wa Kiyahudi uliokuwa Wakristo, na Wanazi walipotawala, picha yake iliondolewa mahali pa heshima katika ukumbi wa jiji la Hamburg. Mjane wake Elisabeth na mabinti zao wawili walihamia Uingereza. Mdogo wao, Mathilde, mwanabiolojia, aliishi Cambridge hadi alipofariki.