Ann Davison: Mjane Aliyerudi Baharini

Leo nawaletea maisha ya mama mmoja Mwingereza, Ann Davison, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 1992. Ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa mashua ya tanga. Lakini kwa kweli kinachonigusa mimi sio sifa hiyo, ni pale alipoanzia.

Ann aliwahi kuwa rubani wa ndege. Mwaka 1949 yeye na mumewe, Frank, walikuwa wamelemewa na madeni. Wakaondoka na Reliance, chombo chakavu cha uvuvi walichokuwa wakikitengeneza. Dhoruba ikawapeleka huku na huku, mwisho chombo kikavunjika kwenye miamba ya Portland, kusini mwa Uingereza. Wakajiokoa kwa chelezo kidogo, ila Frank akafia majini. Ann alifika nchi kavu akiwa mjane.

Wengi wetu hapo tungeipa bahari mgongo. Yeye alijifunza kuendesha tanga, akapata Felicity Ann, mashua ya futi 23, yaani kama mita 7 tu. Mei 1952 akang'oa nanga Plymouth. Kipande cha kwanza tu cha safari kikamshinda, wavuvi Wafaransa wakamvuta hadi Douarnenez, huko Brittany. Akatengeneza mashua, akaendelea: Ureno, Moroko, Visiwa vya Kanari.

Tarehe 20 Novemba 1952 akaondoka Las Palmas. GPS haikuwepo, alipima njia kwa kutazama jua. Zaidi ya miezi miwili alikuwa yeye na maji tu, mpaka tarehe 23 Januari 1953 alipofika kisiwa cha Dominica. Mwishoni mwa mwaka huo akaingia New York.

Katika maandishi yake hafichi kwamba aliogopa. Kitabu chake cha mwaka 1956, My Ship Is So Small, jina lake linakumbusha sala ya wavuvi wa Brittany, wanaokiri udogo wao mbele za Mungu.

Basi wewe uliyefiwa, au uliyekwama njiani, usingoje woga uishe ndipo uanze. Na ukizidiwa, kubali kuvutwa na wengine hadi bandarini. Ann alivutwa, na bado alivuka.