Alexander Fleming: alitupa penisilini, kisha akatuonya

Ubishi wa usafi na dawa hauishi hosteli. Kuna wanaosema kwamba sabuni nyingi na vidonge vya kila homa ndivyo vinavyotulegeza, maana babu zetu walikula na mikono yenye udongo na wakaishi. Na kuna wanaotembea na sanitaiza mfukoni, koo likiwasha kidogo tu wanakimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Mtu aliyevishika vipande vyote viwili ni Mskoti mmoja, Alexander Fleming. Wengi wetu tunamjua kwa sentensi moja ya kitabu cha Baiolojia, kwamba aligundua penisilini mwaka 1928. Maisha yake yana mengi zaidi ya sentensi hiyo.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki Alexander akiwa na miaka 7. Alipofika ujana alikwenda London kuishi na ndugu zake, akafanya kazi ya ukarani kwenye kampuni ya meli kwa miaka minne. Kama si urithi mdogo alioachiwa na ndugu wa baba yake, pengine angezeekea pale pale kwenye meza ya karani. Mwaka 1901 alijiunga na chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's. Wapenda michezo mtafurahi kusikia kwamba alikichagua chuo hicho kwa sababu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yao. Na alipohitimu, mojawapo ya mambo yaliyomfanya abaki pale ni kwamba klabu ya kulenga shabaha haikutaka kumpoteza. Akaingia kwenye maabara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wright na wenzake walipelekwa Boulogne, Ufaransa, na maabara yao ikawekwa kwenye jengo la kasino. Askari walikuwa wakiletwa na vidonda vikubwa vilivyojaa matope na vipande vya nguo. Madaktari waliwamwagia dawa kali za kuua vijidudu, asidi ya kaboliki na nyinginezo. Ilionekana ni jambo la akili kabisa: vijidudu ni adui, basi tuviue. Lakini askari waliendelea kuoza na kufa.

Fleming hakukubali tu kwa sababu kila mtu anafanya hivyo. Alichukua bomba la kioo, akalitengeneza liwe na vichochoro vyembamba kama kidonda cha kweli, akatia bakteria, kisha akamwaga dawa. Alipoijaza upya kwa mchuzi safi wa maabara, bakteria walimea tena, maana dawa haikufika vichochoroni. Kibaya zaidi, alionyesha kwamba dawa zile ziliua chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wenyewe, haraka kuliko zilivyoua bakteria. Juu ya ngozi zilisaidia. Ndani ya kidonda kirefu zilimuumiza mgonjwa. Yeye na Wright walishauri kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi na nyama iliyokufa iondolewe. Madaktari wengi wa upasuaji hawakuwasikiliza.

Kwangu mimi hapo ndipo Fleming tunayemjua alipozaliwa. Tangu siku hizo swali lake likawa moja: kitu hiki kinamuumiza nani zaidi, kijidudu au mtu? Mwaka 1921 alikuta kamasi za pua yake zinayeyusha aina fulani ya bakteria. Akaiita nguvu hiyo laisozaimu, akaitafuta hadi kwenye machozi, wenzake wakikamuliwa ganda la limau jichoni ili walie. Laisozaimu haikuweza bakteria hatari, lakini ilimwonyesha kwamba mwili una dawa zake.

Ndiyo maana tarehe 3 Septemba 1928, aliporudi kutoka likizo na kukuta sahani moja ya bakteria wa majipu imeota ukungu, hakuitupa tu. Kuuzunguka ukungu ule bakteria walikuwa wameyeyuka. Kuna watu hutumia kisa hiki kusema uchafu ni mzuri, eti meza yake ya ovyo ndiyo iliyotuokoa. Hapana. Meza yake kweli ilikuwa ya ovyo, ila alijua anachokitazama. Baada ya kupima nguvu ya maji ya ukungu ule, aliangalia pia kama yanaua chembe nyeupe za damu. Hayakuziua. Lile swali la Boulogne lilikuwa limepata jibu.

Kuitenga penisilini ikawa dawa safi hakuweza, na makala yake ya 1929 haikutikisa watu. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Mei 1940 waliwaambukiza panya 8 bakteria hatari: wanne waliokosa penisilini walipokufa, wanne walioipata walikuwa bado hai. Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Sasa, mtu akipewa tuzo kubwa namna hiyo unategemea aisifu dawa yake. Fleming, kwenye hotuba yake ya Nobel, alitahadharisha. Alisema utafika wakati penisilini itauzwa madukani kwa yeyote, na mtu asiyejua atameza kidogo kuliko inavyotakiwa. Akatoa mfano wa bwana mmoja wa kufikirika anayeumwa koo, anajinunulia dawa, anatumia pungufu, na vijidudu badala ya kufa vinasomeshwa namna ya kuishi na dawa. Bwana yule anapona, lakini anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anafariki.

Mimi nasoma ualimu, na wazo hilo la kusomesha vijidudu halinitoki kichwani. Kila dozi ya nusu ni somo tunalowafundisha bakteria. Na haikuchukua muda: katika hospitali moja ya London, kufikia 1948 zaidi ya nusu ya bakteria wa majipu waliopimwa walikuwa sugu kwa penisilini. Kwa mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo takribani milioni 1.27 duniani.

Fleming alifariki London tarehe 11 Machi 1955, na majivu yake yamewekwa katika kanisa kuu la St Paul's. Bwana wa mfano wake bado yupo, tena nadhani yupo kwenye kila korido hapa chuoni. Ndiye anayemeza antibayotiki kwa mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayaponi kwa dawa hizo. Ndiye anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa amepata nafuu, kisha vidonge vilivyobaki anamgawia rumeti wake.

Kwa hiyo usafi na dawa vinatusaidia au vinatudhuru? Kunawa mikono kwa maji na sabuni ya kawaida kunatusaidia, hakuna mjadala. Sabuni zenye kemikali za ziada ni jambo lingine: mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku triclosan na viambato vingine 18 kwenye sabuni za kunawia, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida. Antibayotiki nazo zinaokoa maisha pale vipimo vikishaonyesha ni bakteria, na ukimeza kwa kiasi na siku ulizoandikiwa. Nje ya hapo unajihatarisha, na jirani yako pia. Kumbukeni kwamba katika mfano wa Fleming, aliyekosea dozi alipona. Aliyekufa ni mwingine.