Conan Doyle: Baba wa Sherlock Holmes aliyeleta habari za wafu Nairobi

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wanamjua Sir Arthur Conan Doyle kuwa ndiye aliyembuni Sherlock Holmes, mpelelezi asiyekubali jambo lolote bila ushahidi. Wasichokijua wengi wao ni kwamba mwandishi huyo aliitumia miaka 14 ya mwisho ya maisha yake kuhubiri kwamba wafu huzungumza na walio hai, na kwamba mojawapo ya safari zake za mwisho za mahubiri hayo ilimfikisha Nairobi mapema mwaka wa 1929.

Doyle alizaliwa Edinburgh, Scotland, mnamo Mei 22, 1859, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Baba yake, Charles, alikuwa mchoraji aliyezidiwa na ulevi hadi akaishia katika hifadhi za wagonjwa wa akili, ambako alifariki mwaka wa 1893. Malezi yalimwangukia mama, Mary, huku jamaa waliojiweza wakimlipia kijana huyo karo katika shule ya Wajesuiti ya Stonyhurst. Kufikia wakati alipoingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari mwaka wa 1876, imani ya Kikatoliki ilikuwa imemtoka. Pengo hilo halikuzibwa kwa miaka mingi, na pengine hapo ndipo pa kuanzia kuyaelewa yaliyofuata.

Chuoni alifundishwa na Dkt Joseph Bell, aliyekuwa na kipaji cha kumtazama mgonjwa na kutaja kazi yake na mahali alikotoka kabla hajafungua kinywa. Huyo ndiye kiolezo cha Holmes. Hadithi ya kwanza ya mpelelezi huyo ilichapishwa mwaka wa 1887, na Doyle akalipwa pauni 25 pekee kwa haki zote. Nasaba ya Holmes imefika hadi kwetu: Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko wa mwandishi wa Zanzibar, Mohamed Said Abdulla, ni ndugu yake wa karibu. Na katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka wa 1960, Bwana Msa anafumbua kwa akili tupu mauaji ambayo wengine wangeyaachia mizimu. Laiti Doyle angeisoma.

Imani aliyokuja kuitetea ilikuwa changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ilianza mwaka wa 1848 katika kijiji cha Hydesville, jimboni New York, Marekani, pale wasichana wawili wa familia ya Fox, Margaret na Kate, walipodai kwamba vishindo vilivyosikika nyumbani kwao vilikuwa majibu ya mtu aliyekufa. Katika miaka michache, Marekani na Uingereza zilijaa vilinge. Watu waliketi gizani kuizunguka meza, wakishikana mikono, wakimsubiri mtu mwenye kupandwa na roho, ambaye waganga wa Pwani wangemwita kiti, aseme kwa sauti ya marehemu au aandike kwa mkono unaoongozwa na marehemu. Mnamo 1888 Margaret alikiri hadharani kwamba vishindo vile alivifanya kwa viungo vya vidole vya miguu yake. Mwaka uliofuata akaukana ungamo wake. Waumini waliliamini kano lake kuliko ungamo.

Inasemwa mara kwa mara kwamba Doyle aliingia katika imani hiyo kwa sababu ya uchungu wa kufiwa na mwanawe. Hiyo si kweli, na ni vyema kosa hilo lisahihishwe. Alihudhuria vilinge tangu akiwa daktari kijana mjini Southsea katika miaka ya 1880. Mnamo 1887 aliandikia jarida la waumini hao, Light, akieleza aliyoyaona, na mwaka wa 1893 akajiunga na Chama cha Utafiti wa Mambo ya Roho, ambacho wanachama wake walikuwemo wasomi wa kuheshimika. Kwa karibu miaka 30 alisoma, akahoji na kusita. Alitangaza rasmi kwamba ameamini mnamo 1916.

Mwanawe Kingsley alikuwa hai wakati huo, ingawa mwaka uo huo alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Lakini kifo kilikuwa tayari kimebisha hodi. Shemeji yake, Malcolm Leckie, aliuawa mwanzoni mwa vita mnamo 1914. Kingsley mwenyewe alifariki Oktoba 28, 1918, akiwa na umri wa miaka 25, kwa nimonia iliyotokana na homa kali ya mafua iliyoenea duniani mwaka huo. Baba yake alikuwa Nottingham, tayari kutoa mhadhara kuhusu uhai baada ya kifo. Aliutoa. Miezi minne baadaye, mnamo Februari 1919, nimonia ikamchukua ndugu yake, Innes.

Mnamo Septemba 1919, katika kilinge kilichofanyika Portsmouth, Doyle alisadiki kwamba amesikia sauti ya Kingsley gizani, akahisi mkono juu ya kichwa chake na busu kwenye paji la uso. Mpandwa alikuwa amefungwa kamba kwenye kiti. Kwa Doyle hilo lilikuwa jambo lililothibitishwa, kama daktari anavyothibitisha mapigo ya moyo.

Ikumbukwe kwamba Uingereza nzima ilikuwa matangani. Vijana walioanguka vitani walizikwa ng'ambo, na wengi hawakupatikana kabisa. Mama asiye na kaburi la kulilia alimsikiliza Doyle kwa namna ambayo sisi tuliokaa mbali na msiba huo hatuna haki ya kuicheka. Naye hakutafuta utajiri katika jambo hilo. Duka la vitabu vya imani hiyo alilolifungua karibu na kanisa la Westminster, London, mnamo 1925 lilimtia hasara, na marafiki wengi wa zamani walimkwepa.

Swali ni jinsi gani muumba wa Holmes aliwaamini watu ambao Holmes angewafichua kwa dakika tano. Jibu, kwa maoni ya mwandishi huyu, limo katika matendo yake mengine. Doyle alikuwa mtu wa kuamini neno la mtu ambaye wakubwa wamelikataa. George Edalji, wakili kijana ambaye baba yake alikuwa mzaliwa wa India, alifungwa mwaka wa 1903 kwa kosa la kumkatakata farasi usiku. Doyle alipokutana naye alimwona akiliinua gazeti hadi karibu na macho ili alisome, akajua kwamba mtu huyo hangeweza kuvuka mashamba gizani kutenda uhalifu huo. Edalji alisamehewa mwaka wa 1907. Kwa Oscar Slater, Mjerumani wa Kiyahudi aliyehukumiwa kwa mauaji mjini Glasgow mnamo 1909, Doyle alipigana kwa miaka mingi hadi mtu huyo akaachiliwa mwaka wa 1927 na hukumu ikabatilishwa mwaka uliofuata. Mnamo 1909 alichapisha kitabu kizima kuyafichua mauaji na ukataji wa viungo uliofanyiwa watu wa Congo chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, wakati ambapo mabwana wengi wa hadhi yake walikuwa wakitazama kando.

Tabia iyo hiyo iliyowaokoa wanyonge ndiyo iliyomponza. Mtu mwenye sura ya uaminifu, asiyetaka malipo, anayedharauliwa na wataalamu, alikuwa kwake shahidi wa kutegemewa.

Hivyo ndivyo alivyonaswa na wasichana wawili wa Cottingley, Yorkshire. Mnamo 1917 Elsie Wright na binamu yake, Frances Griffiths, walipiga picha zilizoonyesha viumbe vidogo vyenye mabawa vikicheza mbele yao kijitoni. Doyle alizitangaza kwa ulimwengu katika jarida la Strand la Desemba 1920, na miaka miwili baadaye akaziandikia kitabu. Hakuweza kufikiri kwamba watoto wa fundi wangeweza kumdanganya. Walikuja kukiri wakiwa vikongwe, mwaka wa 1983, kwamba viumbe hivyo vilikuwa michoro ya karatasi iliyoshikizwa kwa pini za kofia.

Kisa cha Harry Houdini kina uchungu zaidi. Houdini, mfanya mazingaombwe mashuhuri wa Marekani, alimpenda mama yake kupita kiasi na alikuwa akizunguka katika vilinge tangu alipofariki, akitumaini na kila mara akigundua hila alizozifahamu kutokana na kazi yake. Yeye na Doyle walikuwa marafiki wa kweli. Mnamo Juni 1922, mjini Atlantic City, mke wa pili wa Doyle, Jean, aliyeamini kwamba roho huuongoza mkono wake, aliketi na Houdini na kuandika kurasa 15 za maneno ya mapenzi kutoka kwa marehemu. Houdini alizipokea kimya. Maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mama yake aliijua kwa shida, na juu ya ukurasa wa kwanza palichorwa msalaba, ilhali marehemu alikuwa mke wa rabi wa Kiyahudi. Doyle alikuwa na maelezo kwa kila dosari. Houdini alipotangaza hadharani kwamba hakuamini, ilikuwa sawa na kusema kwamba Bi Jean alikuwa ama mwongo au mpumbavu, na urafiki ukavunjika. Houdini alifariki Oktoba 31, 1926, bila wao kupatana. Doyle aliendelea kudai kwamba Houdini mwenyewe alikuwa na nguvu za roho ila alizificha.

Baada ya kuhubiri Australia, New Zealand na Marekani, Doyle alielekea Afrika mwishoni mwa 1928 pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Alianzia Afrika Kusini, akapitia Rhodesia, na hatimaye akafika Kenya, koloni la walowezi. Katika mihadhara yake alizoea kuonyesha ukutani picha alizosema ni za roho. Jijini Nairobi alionyesha moja iliyopigwa katika nyumba ya Uingereza iliyosifika kuwa na mzimu. Ndipo mtu mmoja, daktari wa meno mjini humo, alipojitokeza kusema kwamba mzimu ule alikuwa ni yeye, na kwamba yeye na wenzake waliitengeneza picha hiyo kwa mzaha, akiwa amejifunika shuka. Kwa heshima yake, Doyle aliiondoa picha hiyo miongoni mwa ushahidi wake. Mahubiri yenyewe hakuyaacha, na habari za safari hiyo alizitoa katika kitabu mwaka uo huo wa 1929.

Kuna jambo jingine katika ziara hiyo ambalo magazeti ya wakati huo hayakuwa na haja ya kulitazama. Miaka minne kabla, mnamo 1925, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Uchawi, iliyomfanya mhalifu Mwafrika aliyejidai kuwa na nguvu za aina hiyo. Wazee waliowatambikia wahenga wao kwa pombe na damu ya mbuzi waliambiwa na wamishonari kwamba hilo ni giza. Mgeni aliyevaa suti alikata tiketi akausimulia umma kwamba alizungumza na mwanawe aliyekufa, na hakuna askari aliyemgusa.

Haki inadai tuseme kwamba sheria ya kwao pia ilimkera. Nchini Uingereza wapandwa waliokamatwa walishtakiwa chini ya sheria ya uchawi ya 1735 na ile ya uzururaji ya 1824. Mnamo Julai 1, 1930, akiwa mgonjwa wa moyo asiyeruhusiwa na madaktari kutoka nyumbani, Doyle aliongoza ujumbe hadi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, J. R. Clynes, kutaka sheria hizo zilegezwe. Miezi michache kabla alikuwa amejiuzulu kwa hasira kutoka chama cha watafiti alichokitumikia tangu 1893, akikilaumu kwa kushuku kila kitu.

La ajabu ni kwamba hakumlazimisha Holmes kuongoka. Profesa Challenger, mhusika wake mwingine maarufu, alimtia katika imani hiyo kupitia riwaya ya 1926. Holmes alibaki hadi hadithi ya mwisho akiikataa mizimu, kana kwamba muumba wake hakuthubutu kumgusa.

Doyle alifariki nyumbani kwake Crowborough, Sussex, Julai 7, 1930, akiwa na umri wa miaka 71. Siku sita baadaye maelfu ya watu walifurika katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Jukwaani, kando ya Bi Jean, paliachwa kiti kitupu. Mpandwa mashuhuri, Estelle Roberts, alitangaza kwamba amemwona marehemu akiingia na kukiketia, kisha akamwinamia mjane na kumpa ujumbe sikioni, huku kinanda kikivuma kwa sauti kubwa. Bi Jean alisema ameridhika kwamba ulitoka kwa mumewe. Aliishi miaka kumi zaidi, na alipofariki mwaka wa 1940 alikuwa hajaueleza umma yaliyokuwa katika ujumbe huo.