Kirilo Japhet na Moto wa Engare Nanyuki

Kwetu Nkoaranga ukilitaja jina la Kirilo Japhet, wazee wanajiweka sawa kwenye viti. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto, watu wakatakiwa wahamie Kingori, wengi wakagoma. Kwa serikali hiyo haikuwa fujo, ilikuwa sheria inatekelezwa.

Kirilo alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Wameru wakachanga hela, na mwaka 1952 akaenda New York kulishtaki jambo hilo Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Kura hazikutosha. Akarudi, akazunguka Tanganyika akisimulia, na TANU ilipozaliwa 1954 watu walishajua kwamba mkoloni anashitakika.

Sasa jiulize, msomaji mwenzangu: Wameru wangechoma nyumba moja tu ya mlowezi, wangeitwaje? Miaka hiyohiyo wenzao wa Mau Mau kule Kenya waliitwa magaidi.

Mimi nasomea ualimu. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilijikuta nimeandika ubaoni uhamisho kwa moto wa serikali, na vurugu kwa mawe ya wananchi. Nikafuta. Hata hapa chuoni, vijiweni kwetu, jiwe la mwanafunzi tunaliona upesi kuliko rungu lililotangulia. Simtetei mrusha jiwe. Naomba tu mizani iwe moja, maana Kirilo alikwenda bila jiwe, na bado alikosa kura.