Ibn Khaldun: Mwanazuoni Aliyechunguza Kiini cha Umoja

Wahenga walisema umoja ni nguvu. Katika karne ya 14, mwanazuoni mmoja wa Afrika Kaskazini alikwenda hatua moja mbele. Alitaka kujua umoja huo hutoka wapi, na kwa nini hufikia kikomo.

Abdurrahman Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis mwaka wa 1332, katika ukoo wa wasomi na watawala waliotoka Sevilla. Alihifadhi Kurani, akasoma fiqhi na mantiki. Kabla hajatimiza miaka 18, tauni iliwaua wazazi wake na wengi wa walimu wake.

Akiwa yatima, aliingia katika siasa. Alihudumu katika majumba ya watawala wa Tunis, Fez, Granada na Bejaia, akishuhudia falme zikiinuka na kuporomoka. Mwaka wa 1357 alitiwa gerezani mjini Fez, akakaa humo karibu miaka miwili.

Hatimaye, mwaka wa 1375, alijitenga na siasa, akahamia na jamaa zake katika ngome ya Ibn Salama, iliyoko Algeria ya leo. Huko ndiko alikoandika Mukadimah, iliyokamilika mara ya kwanza mwaka wa 1377.

Msingi wa nadharia yake ni asabiya, yaani mshikamano unaomfanya mtu awe tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Mshikamano huo huanzia katika nasaba, lakini pia hujengwa na ujirani na mapatano, na dini huuimarisha. Hustawi zaidi jangwani, ambako hakuna ukuta wa kumlinda mtu isipokuwa wenziwe. Kundi lenye asabiya huuteka mji na kuunda dola. Kizazi cha kwanza huhifadhi ukakamavu wake. Cha pili hulelewa katika anasa. Cha tatu husahau kabisa, kikategemea askari wa kukodiwa na kodi nzito. Kwa makadirio yake, safari hiyo huchukua takriban miaka 120. Kisha huja kundi jingine.

Mwaka wa 1382 alihamia Misri, kisha akawa kadhi wa madhehebu ya Maliki mjini Kairo. Mwaka wa 1384 mkewe na watoto wake walizama baharini wakienda kumfuata. Hata hivyo, aliendelea kufundisha na kuhukumu, akiuzuliwa na kurejeshwa mara kadhaa.

Mwaka wa 1401, Timur aliuzingira mji wa Damasko. Mzee huyo aliteremshwa ukutani kwa kamba ili aonane naye. Mbele yake alikuwa mshindi kutoka nyikani, mfano hai wa nadharia yake. Walizungumza siku nyingi, lakini mji uliporwa na kuchomwa. Aliyekuwa amefafanua chanzo cha maangamizi hakuweza kuyazuia.

Ibn Khaldun alifariki Kairo mwaka wa 1406. Kaburi lake halijulikani lilipo. Swali lake, hata hivyo, lingali linazikabili jamii zote: kilichowaunganisha waasisi kitarithiwaje na wajukuu ambao hawakuonja dhiki?